Tabia ya Kugeuza Sahani



Mtu anayekusanya vyombo vya zamani utamjua kabla hajasema neno. Mwekee sahani mezani, hataangalia uso wake. Ataigeuza kwanza asome mgongo. Anatafuta muhuri wa kiwanda. Nami nimeshinda Jumapili nyingi katika masoko ya mitumba ya London nikifanya hivyo hivyo, miwani puani, huku mwenye meza akinitazama kama mkaguzi wa mizani. Leo nataka kuisema vibaya tabia hiyo, kwa kuwa imetutia hasara nyumbani.

Shangazi yangu alifariki mwaka jana hapa London ya mashariki. Kati ya vyombo vyake kulikuwa na bakuli moja la maua mekundu na kijani, alilolitoa kwa mama yake alipohamia huku. Kwenye kisigino chake, ule ukingo wa chini unaokaa juu ya meza, mtu alitoboa matundu mawili ya kupitisha uzi. Mgongo wote ulikuwa na chokaa, tabaka juu ya tabaka, maana kila ukuta ulipopakwa upya bakuli nalo lilipata sehemu yake. Watoto wake walitaka kujua thamani yake. Wakalilaza ndani ya siki usiku kucha, asubuhi wakalisugua mpaka muhuri ukasomeka, wakalipeleka kwa mfanyabiashara mmoja. Akalisifu muhuri, kisha akaonyesha matundu: kasoro. Bei waliyopewa sidhani kama ilitosha teksi ya kurudi. Mimi nilipata habari likishauzwa.

Muhuri wenyewe siwezi kuukebehi. Ulikuwa wa Petrus Regout wa Maastricht, Uholanzi, aliyeanza kutengeneza vyombo vya udongo mwaka 1836 na ambaye alama ya kiwanda chake ilikuwa sanamu ya Sphinx. Kiwanda hicho, na jirani yake Société Céramique, viliuza mabakuli mengi ng'ambo, na pwani yetu ilikuwa miongoni mwa masoko yao. Maua hayakuchorwa kwa brashi moja moja. Mfanyakazi alikata sifongo kwa umbo la ua, akaichovya kwenye rangi na kugonga kuzunguka bakuli. Ukitazama vizuri utaona mahali alipomalizia mzunguko: ua la mwisho limebanwa au limepanda juu ya la kwanza, kwa sababu hesabu haikutoka sawa. Mimi ni mhandisi, na hilo hunifurahisha kuliko muhuri. Lakini hata hilo ni habari za Maastricht. Habari za bakuli baada ya kushushwa bandarini zilikuwa katika yale matundu na ile chokaa, na hizo ndizo zilizosuguliwa zikaingia katika bomba la maji machafu.

Tuwatazame wakusanyaji wa Marekani, ambao wameandika vitabu vya namna hii kuliko watu wengi. Vyombo vyao vipendwavyo ni Fiesta, vya kampuni ya Homer Laughlin ya West Virginia, vilivyotoka mwaka 1936: sahani za rangi moja moja, nyekundu, buluu, manjano, za kula nyumbani kwa watu wa kawaida. Ile nyekundu ilipatikana kwa urani ndani ya rangi, na wakati wa vita serikali ilipoitaka urani yote, nyekundu ikasimama. Habari kama hizo vitabuni ni tamu. Lakini hukumu ya bei ni moja tu: chombo kisicho na alama ya kisu, kisicho na doa, kana kwamba hakikuliwa kamwe. Sahani ya bibi inathaminiwa kwa kadiri bibi asivyoigusa.

Sasa linganisha na mafundi wetu. Nenda Kilwa Kisiwani, katika ule msikiti mdogo wa kuba: mabakuli yenye kung'aa yalipachikwa darini, uso ukitazama chini kwa wanaosali. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani za Kichina. Kwa jicho la ufundi ni kazi safi. Kile kisigino cha bakuli kikizama katika chokaa mbichi huwa kama nanga. Chokaa ikishika, bakuli halitoki mpaka livunjwe. Maana yake ni kwamba fundi aliuzika mgongo makusudi. Muhuri, kama ulikuwepo, hakuna ambaye angeuona tena mpaka ukuta uanguke. Kwao chombo kilikuwa na upande mmoja tu, ule unaomtazama mtu.

Majumbani ndiyo zaidi. Nyumba kubwa za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka, safu za vishubaka vya plasta vilivyochongwa ukutani katika vyumba vya ndani, na vyombo vya kauri vikipangwa humo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kutuonyesha Pate ilivyokufa, mojawapo ya ishara zake ni vishubaka hivyo vya vyombo kugeuka makao ya ndege. Hakutaja vyombo hivyo vilitoka nchi gani. Hakukuwa na haja. Nyumba isiyo na vyombo ukutani ilieleweka kuwa haina watu.

Mtafiti wa Kimarekani Linda Donley-Reid, aliyechunguza nyumba za Lamu na kuandika katika miaka ya 1980, alisema vyombo hivyo vilikuwa pia kinga, kwa kuwa ndani ndiko kulikozaliwa watoto na kuoshwa maiti, nako kulihitaji kulindwa na jicho baya. Naona ameibebesha sahani mzigo mzito kidogo. Bibi yangu angemjibu kwamba sahani hutundikwa kwa sababu ni nzuri. Lakini huyo mama aliuliza sahani inafanya nini, swali ambalo vitabu vya mihuri haviulizi. Na wengi wetu tumewahi kunywa kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Sahani ile ina thamani gani mnadani? Ikiwa na doa la zafarani, pungufu.

Majumba ya makumbusho ya hapa nayo yana lawama, ingawa si sawasawa. Victoria and Albert wana vyombo maelfu kwa maelfu vilivyojazwa katika kabati za vioo ghorofani, na ukitoka huko kichwa kinakuuma. Mkusanyo wa Percival David, ambao zamani ulikuwa Gordon Square karibu na SOAS na tangu 2009 uko British Museum, una karibu vipande 1,700 vya kauri za Kichina, na ni vigumu kupata hata kimoja chenye ufa. Fahari yake ni magudulia mawili ya buluu na nyeupe yenye mwaka ulioandikwa shingoni, 1351. Hapo nakubali kushindwa: wasomaji wa maandishi wametusaidia. Bila vyombo vyenye tarehe kama hivyo, James Kirkman asingeweza kukadiria umri wa kuta za Gedi alipochimba kuanzia 1948. Tatizo linaanza pale Mortimer Wheeler, mwaka 1955, aliposema kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa imeandikwa kwa kauri za Kichina. Imeandikwa na nani? Kalamu tumepewa Wachina, sisi tumebaki karatasi.

Kilichonigusa zaidi katika jumba hilo si magudulia. Ni vigae vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani: vipande vya Kichina vya kijani kilichopauka, vingine vya nchi za Kiislamu vya buluu, na vingine vya kahawia vya mfinyanzi wa hapo hapo, vyenye nakshi ya kukwaruzwa. Neil MacGregor aliviweka namba 60 katika vipindi vyake vya vitu 100 kwenye redio ya BBC mwaka 2010, akawaalika Bertram Mapunda na Abdulrazak Gurnah wavizungumzie. Kilikuwa kipindi kizuri. Kilichopungua, kwangu mimi, ni kwamba hadithi ilipanda merikebu mapema mno; biashara, pepo za msimu, Kilwa ile aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331. Kile kigae cha kahawia kinasimama kama jamaa maskini katika picha ya harusi. Lakini chungu ndicho kilichopika. Bakuli la mbali lilipakulia tu. Mmoja bila mwenziwe, hapana karamu. Na kwa kuwa vyote vimevunjika, hakuna mwenye muhuri wa kujivunia, unalazimika kuvitazama kwa pamoja.

Nimelitafuta bakuli la shangazi katika masoko yote ninayoyajua. Nimekuta ndugu zake wawili, wazima, safi, hawana tundu, na bei yake ni mara nne ya ile waliyopewa wanawe. Sikununua.

Najua katika nyumba zenu yamo mabakuli kama hayo, juu ya kabati au ndani ya gazeti la mwaka uliosafiri. Kabla hamjalitia siki, mwulizeni mzee aliyepo, hata kwa simu: lilikaa chumba gani, nani alilitundika, lilishushwa siku gani na kwa sababu gani. Niandikieni kupitia kwa mhariri. Picha za mgongo mzipige pia, lakini na chokaa yake.