Akina Mwenda Wawili wa Bayeke

Katika uhakiki wa nyimbo za Katanga, jina "Mwenda wa Bayeke" lahitaji uangalifu. Mwenda Msiri, mwami wa Wayeke, aliuawa karibu na Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891. Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, alifariki 1990. Mwanafunzi wa Ruashi akilikuta jina hilo bila mwaka, aweza kumdhania mmoja kuwa mwingine. Kuitwa kwa jina la mkubwa ni heshima, wala si ufunguo wa kufasiria utunzi. Mhakiki amsomaye mwanamuziki kwa sifa za mwami humpokonya kilicho chake: ufundi wa vidole viwili na Kiswahili cha mijini. Jina liandamane na mwaka, mahali na kazi.