Takrima na Hongo: Uhakiki wa Maneno Mawili ya Fedha za Uchaguzi

Fedha ambazo vyama na wagombea huzitumia kuwavuta wapiga kura zina majina mengi katika Kiswahili: chai, kitu kidogo, mlungula, rushwa, hongo, takrima. Kwa kawaida majina haya huhesabiwa kuwa visawe vinavyotofautiana kwa ukali tu. Rai hiyo haitoshi. Kila jina hubeba picha ya uhusiano baina ya mtoaji na mpokeaji, na picha hiyo ndiyo humfanya mpokeaji ajione amenunuliwa au ameheshimiwa. Makala haya yanalinganisha majina mawili, takrima na hongo, kwa kuwa la kwanza lilipata kuwa suala la mahakama nchini Tanzania.

Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi ya 1985, likaongeza katika kifungu cha 119 kwamba jambo lililotendwa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, lisihesabiwe kuwa kosa la uchaguzi. Nyongeza hiyo ikajulikana kote nchini kwa jina la takrima, na chaguzi za 2000 na 2005 zikafanywa chini yake. Asasi tatu, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikiwa mojawapo, zilifungua shauri, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha Katiba, miongoni mwa hoja zake ikiwa kwamba iliwabagua wagombea wasio na mali.

Hukumu hiyo iliamua suala la haki; suala la maana halikuwa kazi yake. Neno takrima ni ndugu wa karamu, ukarimu na kitenzi kukirimu. Katika matumizi yake ya asili, mwenyeji ndiye hukirimu na mgeni ndiye hukirimiwa. Sasa itazamwe hali ya kampeni. Mgombea ndiye anayefika kijijini. Mpiga kura yuko kwake, mlangoni pake. Kwa desturi, mwenye wajibu wa kukirimu ni mpiga kura. Pilau, kanga na fedha zinapotoka mikononi mwa mgeni, nafasi zimegeuzwa: aliyekuja kuomba amekuwa mwenyeji, na mwenye nyumba amekuwa mgeni nyumbani mwake. Sheria ilidai kuihifadhi jadi, kumbe iliipindua.

Pana pingamizi moja la kujibiwa. Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na huenda mtetezi wa takrima akaitumia methali hiyo kuthibitisha kwamba mgeni naye ana haki ya kuleta neema. Lakini mwenyeji huponaje? Mgeni anapofika, kuku wa mwenyeji mwenyewe huchinjwa, na watoto wa nyumba hupata minofu ambayo siku nyingine hawaipati. Mgeni ni sababu ya neema, wala si lazima awe mwenye mali. Na hata akija na zawadi, ukarimu hauna bei: anayehesabu kura baada ya karamu hakukirimu, alinunua.

Neno hongo lina historia tofauti. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa tozo ambayo misafara ya biashara iliwalipa watawala wa bara, kwa vitambaa, shanga na nyaya, ili iruhusiwe kupita. Ugogo ni mfano mashuhuri wa nchi zilizotoza. Mambo mawili ya historia hiyo yanaifaa kampeni kuliko picha ya sebuleni. Kwanza, mlipaji ni mpita njia. Mahali anapolipia sipo anapokwenda. Pili, hongo ikishalipwa, njia imefunguka na mpitaji hadaiwi tena. Hapo ndipo hasara ya mpiga kura ilipo. Ukarimu hujenga deni la utu baina ya watu wawili, hongo hulikata. Mbunge aliyelipia njia yake hadaiwi barabara wala zahanati, kwani kila kura imekwisha kulipwa.

Nchini Kenya mitaa haikungoja sitiara ya ukarimu. Katika kampeni za 1992, noti ya shilingi 500 ilipachikwa jina la jirongo, kutokana na jina la mwenyekiti wa Youth for KANU '92, kundi lililoifanyia KANU kampeni. Jina hilo halikusitiri kitu: lilitaja fedha na lilikotoka. Hata hivyo, uwazi wa neno haukuleta uwazi wa hesabu. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ilitungwa 2013, utekelezaji wake ukaahirishwa hadi baada ya uchaguzi wa 2017, na kanuni zake zikakataliwa bungeni 2021, hata uchaguzi wa 2022 ukafanywa bila viwango vya matumizi. Tanzania, kwa upande wake, ilitunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi mwaka 2010.

Ni dhahiri, basi, kwamba istilahi peke yake haizuii fedha. Lakini sheria yo yote hutegemea raia anayeweza kulitambua kosa analotendewa, naye hulitambua kwa lugha aliyo nayo. Mtunga kamusi anayeandika kwamba takrima ni "zawadi" tu, bila kutaja nani humpa nani na kwa matarajio gani, ameuacha mlango wazi kwa kila apitaye na mfuko. Takrima irudishwe kwa mwenyeji. Mpita njia analo neno lake la zamani, nalo ni hongo.