Legacy ya Kijana: Acha Turbo, Tazama Chini ya Gari

Ukimuuliza kijana wa Dar es Salaam anayetaka gari la kubeba mizigo lakini lenye mbio, hachelewi kukujibu: Subaru Legacy wagoni, ile BP5. Simlaumu. Gari hilo lilitoka Japani mwaka 2003, likachukua tuzo ya Gari la Mwaka nchini humo kwa msimu wa 2003-2004, na mpaka linaacha kutengenezwa mwaka 2009 umbo lake lilikuwa halijachosha macho. Leo bei yake imeshuka kiasi kwamba hata mtu aliyeanza kazi juzi anaweza kulifikiria. Kinachonisumbua ni namna linavyochaguliwa. Vijana wengi huanzia kwenye boneti. Wakiliona lile tundu la hewa la turbo, mazungumzo yamekwisha. Mimi naamini hesabu inapaswa kuanzia chini, kwenye matairi na shokomzoba, na nitaonyesha kwa gari tulilomchagulia mpwa wangu.

Kwanza majina, maana madalali huyachanganya. BP5 ni bodi ya wagoni yenye injini ya lita mbili, na ndani ya jina hilo mna magari ya tabia tofauti. 2.0i ina kemshafti moja kila upande na nguvu ya farasi 140. 2.0R ina kemshafti mbili kila upande. Nguvu yake ni 190 kwa gia za mkono na 180 kwa otomatiki. GT ndiyo yenye turbo: 280 kwa gia za mkono, 260 kwa otomatiki. Kwenye matangazo zote zinaitwa Legacy, zote "kali", na pengo la bei kati yake ni dogo kuliko inavyotarajiwa. Mpwa wangu aliliona hilo mapema. "Mjomba, mbona GT inauzwa karibu sawa na hii isiyo na turbo?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo lililoamua kila kitu.

Utamu wa Legacy kwenye kona hauletwi na turbo. Silinda za injini yake zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, kwa hiyo uzito mkubwa wa mbele unakaa chini na gari halilali sana ukikata stelingi. Nguvu inakwenda kwenye matairi yote manne. Nyuma, kila gurudumu limeshikwa na vyuma kadhaa kwa kujitegemea, kwa hiyo upande mmoja ukiingia shimoni, mwingine hauvurugiki. Hayo 2.0i inayo, 2.0R inayo, GT inayo. Mtu anayeshuka mteremko wa Kitonga na gari lenye shokomzoba nzima na matairi mazuri ataufaidi ujenzi huo hata kama hana turbo. Na barabara zetu zinampa nafasi chache mno za kutumia farasi 260. Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki zipo panapojulikana na pasipotarajiwa.

Turbo inadai nini? Gurudumu lake huzunguka kwa kasi kubwa mno, na kinacholainisha mhimili wake ni oili. Kwenye injini hizi oili hiyo hupita kwenye bomba jembamba, na ndani ya bolti inayolifunga bomba kuna kichujio kidogo cha waya. Mwenye gari akichelewesha kubadili oili, uchafu unajikusanya pale, turbo inakosa oili, inakufa, na vipande vyake vinaweza kuingia kwenye mzunguko wa oili na kuiharibu injini nzima. Gari halikuonyi kwa muda mrefu. Ukiliendesha unaona linavuta vizuri, unarudi kwa muuzaji ukitabasamu. Hapo ndipo jibu la bei lilipo: GT nyingi zinauzwa pale mwenyewe anapokisia kwamba gharama kubwa iko njiani. Mnunuzi wa kwanza Japani aliitunza. Wa tatu huku aliifaidi. Kijana anapokea bili.

Toleo la kabla ya hapo, BH5 la 1998 hadi 2003, ndilo lenye turbo mbili zinazopokezana. Katikati, ya kwanza ikiwa imechoka na ya pili haijashika, nguvu inapungua ghafla. Mabomba ya utupu wa hewa yanayoendesha mfumo ule ni mengi, na baada ya miaka yote hii raba zake zimekauka. Silipendekezi kwa mtu asiye na fundi wake wa kuaminika.

Kuna jambo la mlio, na hili vijana wanapaswa kulijua. Ule mngurumo wa Subaru unaopendwa ulitokana na mabomba ya moshi yenye urefu usiolingana. Kwenye BP, Subaru walisawazisha urefu huo ili turbo ipate moshi kwa mpangilio mzuri, na mngurumo ukapotea. Kwa hiyo ukikuta BP5 GT inanguruma kama zile za zamani, mara nyingi mtu ameshabadilisha mabomba. Aliyebadilisha mabomba huenda amegusa na kompyuta ya injini. Kinachomvuta kijana kwenye gari hilo ndicho kinachotakiwa kumfanya aulize maswali zaidi.

Nirudi kwa mpwa wangu. Tulipofika kulitazama gari la mwisho, lilikuwa 2.0R ya otomatiki, rangi ya fedha, mkononi mwa mtu binafsi. Mwenyewe alikuwa ameshaliwasha, akasema alikuwa analipasha moto. Fundi wetu akamwomba alizime. "Dogo, injini ya moto inaficha mengi," akamwambia mpwa wangu. "Tutakaa hapa mpaka ipoe." Tukakaa. Akafungua kifuniko cha rejeta mkono ulipoweza kukishika, akaangalia rangi ya maji na kama kuna utando wa oili juu yake. Akavuta kijiti cha oili. Ndipo akaliwasha mwenyewe, huku macho yake yakiwa kwenye chupa ya maji ya akiba: mapovu yakija mfululizo pale, gasketi ya silinda hedi imeanza kupitisha moshi. Hayakuja. Akachuchumaa na tochi ya simu, akamulika ubavu wa injini. Oili ilikuwa imetambaa kutoka kwenye kava la valvu upande wa kushoto, ikaukia juu ya bomba la moshi. "Hii ndiyo harufu mnayoisikia. Gasketi ya kava, si kesi." Lakini akafungua plagi za upande huo, akakuta shimo la plagi moja lina oili. Akatueleza kwamba kwenye injini iliyolala, plagi zimebanwa kati ya hedi na ubavu wa chasisi; kazi ni ndefu, na mafundi wavivu huziacha mpaka gari linamisi.

Baadaye akaomba uwanja wa wazi. Akakata stelingi mpaka mwisho, akaliacha gari lizunguke polepole sana bila kukanyaga mafuta. Hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote kwa Subaru ya otomatiki. Gari likijikaza, likawa linarukaruka kama limefungwa breki, basi klachi inayogawa nguvu mbele na nyuma imechoka. Sababu ya kawaida ni matairi yasiyolingana: mtu anaweka mapya mbele, nyuma anaacha yaliyoisha, mzingo unatofautiana, na gia boksi inalazimika kufidia tofauti hiyo kila kilomita. Lile lilizunguka likiwa laini. Matairi yote manne yalikuwa ya aina moja, ingawa yameisha; na mimi nafurahi zaidi kuona manne yaliyoisha sawasawa kuliko mawili mapya.

Kwa wanaopima bodi kwa sumaku wakitafuta puti: boneti ya Legacy hii ni ya aluminiamu, haitashika sumaku hata kama haijawahi kuguswa. Pimeni milango na viuno vya nyuma. Na madirisha hayana fremu, kwa hiyo fungeni vioo na mwendeshe mkisikiliza upepo. Raba zikiwa zimekufa, mvua ya masika itaingia.

Anayeagiza kutoka Japani badala ya kununua hapa ana faida moja: karatasi ya mnada. Ile picha ya gari yenye herufi ndogo inasema mengi. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyowahi kutengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na gari lenye daraja la R limefanyiwa matengenezo baada ya ajali. Ila umri unalipiwa. Tanzania hairuhusu gari kuukuu lipite bure: likizidi miaka 8 ushuru unapanda, na kwa BP yoyote miaka hiyo imepita zamani. Kenya ni kali zaidi, hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kijana wa Nairobi anayetaka BP atalipata kwa Mkenya mwenzake tu, au ageukie Levorg, wagoni iliyoshika nafasi ya Legacy mwaka 2014. Hiyo nayo injini zake za mwanzo, za lita 1.6 na 2.0, zote ni za turbo, na kwa vijana wenye bajeti ndogo naiona mapema mno.

Nje ya Subaru, ninaloliheshimu ni Toyota Corolla Fielder Z Aerotourer ya bodi ya mwaka 2000 hadi 2006, yenye injini ya 2ZZ-GE: farasi 190 bila turbo, gia sita za mkono, na mnyororo badala ya mkanda wa taimingi. Spea za bodi zake zimejaa kila duka. Shida ni kulipata ambalo halijasulubiwa.

Tuliichukua ile 2.0R. Tofauti ya bei na GT ilikuwa ndogo, lakini mpwa wangu alikuwa amejipangia fedha za kumaliza kazi, na ndilo jambo ninalomsifu. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa wiki ileile, pamoja na rola zake na pampu ya maji, kwa sababu mkanda huo ndio unaoizungusha pampu, na ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Kisha gasketi za kava, plagi, matairi manne, shokomzoba za nyuma. Bima ndogo ingemtosha kisheria, ila isingemlipia gari lake akiligonga mwenyewe. Akakata bima kubwa, na thamani ya gari ikiwa ya chini, mchango wake ulibebeka. Kwenye GT sehemu ya fedha hizo ingekuwa imebaki kwa muuzaji. Kilichobaki sasa ni bushi za mbele, ambazo fundi anasema zinaweza kungoja mpaka mwisho wa mwezi.