Uchumi 'unapokua', ni nani hasa aliyechuma?

KILA mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) linapotoa ripoti ya uchumi, vyombo vyetu vya habari hukimbilia vitenzi viwili: uchumi 'umepaa' ama 'umeshuka'. Mara nyingi vyote viwili hupotosha.

Chukua ripoti ya Mei 2025. Ilionyesha kuwa uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024, ikilinganishwa na asilimia 5.7 mwaka 2023. Anayetangaza kwamba uchumi 'ulishuka' amekosea. Kilichoshuka ni kasi ya ukuaji. Mtoto aliyeongeza inchi tatu mwaka juzi na inchi mbili mwaka jana hajafupika! Uchumi wetu ulinywea kikweli mwaka 2020, korona ilipobisha hodi, kwa asilimia 0.3. Hapo ndipo 'kushuka' kunafaa.

'Kupaa' nako kuna walakini. Mwaka 2021 ukuaji ulifika asilimia 7.5, shangwe zikatanda. Lakini aliyetoka shimoni hadi ukingoni hajapaa. Shule na hoteli zilizokuwa zimefungwa zilikuwa zimefunguliwa tena, na ulinganisho ulikuwa na mwaka mbaya. Ripota asipotaja hilo, takwimu hubaki sahihi ila maana hupotea.

Kosa la tatu limo katika sarufi, nalo ndilo zito zaidi. Katika sentensi 'uchumi umekua', kiima ni uchumi, binadamu hayumo. Ilhali neno lenyewe limetokana na kitenzi 'chuma', yaani kutungua tunda ama kupata mali. Palipo na uchumi pana wachumaji. Wahenga waliposema mchumia juani hulia kivulini, waliunganisha jasho na mlo. Takwimu ya ukuaji haiunganishi hayo. Hupima thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa nchini, haisemi zilimfikia nani. Isitoshe, sensa ya 2019 ilionyesha kuwa idadi ya Wakenya ilikuwa ikiongezeka kwa takriban asilimia 2.2 kila mwaka. Unga unapoongezwa sufuriani, walaji nao wanaongezeka.

Ndiyo maana mama mboga akisikia redioni ati uchumi umekua, huguna na kuuliza: "Umekulia wapi?" Wasomi humcheka kwamba hajui hesabu. Kumbe ameuliza swali ambalo ripota alipaswa kumuuliza waziri: umekulia katika sekta gani, kaunti gani, mfuko wa nani?

Wahariri wetu wasiridhike na kitenzi kimoja cha kusisimua. Habari ieleze kilichokua, kasi yake, mwaka kinacholinganishwa nao na waliofaidi. Kichwa cha habari huenda kikapungukiwa na mvuto, lakini msomaji atajua iwapo anayezungumziwa ni yeye ama ni jirani yake.