Machozi Kabla ya Kifo

Katika A Moment of Romance, senema ya Kikantoni ya mwaka 1990 iliyoongozwa na Benny Chan, mapigano si pambo. Wah Dee, dereva wa majambazi wa Hong Kong aigizwaye na Andy Lau, apigwa kichwani, na damu yaanza kumtoka puani. Mtazamaji atambua kwamba kifo kimekaribia. Jo Jo, binti wa watu wenye mali, hana habari. Ndiyo maana furaha yao, katika mavazi ya arusi waliyoyatwaa dukani kwa kuvunja kioo, yachoma kuliko kifo chenyewe. Maadui, kwa kweli, wameumbwa ovyo: ni wabaya, basi. Lakini Jo Jo akimbia pekupeku barabarani, na gauni lake jeupe, akimtafuta mtu ambaye mtazamaji amekwisha kumlilia.