Asili ya Neno "Bae": Uhakiki wa Dai la Akronimu

Dai kwamba bae ni akronimu ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kabla ya mtu mwingine yeyote" limeenea mno, hata likachukuliwa kuwa etimolojia. Mhakiki halikubali. Neno hili ni ufupisho wa babe au baby uliozaliwa katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi. Kirefu chake kilibuniwa baadaye, neno likiwa tayari vinywani mwa watu. Kushikilia akronimu ni kuwapokonya wasemaji hao ubunifu wao. Wimbo wa Pharrell Williams wa mwaka 2014 ulilieneza, na mwaka huohuo Oxford ikaliorodhesha miongoni mwa maneno yaliyowania kuwa neno la mwaka.

Kwa Kiswahili, ushahidi wenye uzito zaidi umo katika upatanisho wa kisarufi. Husemwa rafiki yangu, dada yangu, lakini bae wangu, sawa na mpenzi wangu. Kimilikishi hicho chaonyesha kwamba msemaji hakuazima sauti tupu: amelikalisha neno katika kiti cha mpenzi, ijapokuwa kimatamshi lagongana na bei ya sokoni, mgongano unaokaribisha utani.