Kiganja Sakafuni

Desemba iliyopita, kijijini karibu na Rulenge, nilimkuta mama jirani akisiriba sebule yake. Alikuwa amepiga magoti, beseni la mavi ya ng'ombe na udongo ubavuni, akirudi kinyumenyume kutoka kona ya ndani kuelekea mlangoni. Kiganja kinazunguka nusu duara, kinainuka, kinaanza nyingine pale ya kwanza ilipoishia. Wanawe waliokuja likizo walikuwa uani, kila mmoja na simu yake. Nami ningepita zangu, kama si bibi yangu.

Bibi alisiriba kila Jumamosi. Mavi yawe ya asubuhi ileile, jua halijayapiga. Ya jana aliyapeleka mgombani. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda, kilivunjwa na mchi angali msichana, kwa hiyo kila nusu duara ilibaki na mstari mmoja mnene kuliko mingine. Usiku, tukiwa tumelala mkekani, nilikuwa nikinyoosha mkono na kuufuata mstari ule gizani mpaka usingizi unichukue. Nyumba ilinukia majani. Asiyewahi kulala humo hataniamini. Kuku akikatiza hapajakauka, bibi alimfukuza kwa maneno ya Kihangaza nisiyothubutu kuyaandika, kisha akazifuta nyayo, moja moja.

Kulikuwa na vita ndani ya kazi ile. Funza aliletwa na meli kutoka Brazil hadi pwani ya Angola mwaka 1872, na karne haijaisha alikuwa ameshafika kwetu Maziwa Makuu. Huyo hukulia vumbini, na sakafu iliyosiribwa haina vumbi la kumlea. Bibi hakuijua Brazil. Alivijua vidole vya miguu yetu.

Siwaonei wivu wala kinyongo wenye saruji. Kinachonikera ni imani kwamba saruji haitaki mkono wa mtu. Ingia nyumba za mjini Ngara au Biharamulo uone: kizingiti kimemeguka, ufa umekuwa shimo, shimo limejaa vumbi, na mwenye nyumba anamngoja fundi mwaka wa tatu. Anadeki juujuu, basi. Hata boma la Wajerumani pale Biharamulo, pamoja na unene wa kuta zake, lingekuwa gofu kama watu wasingelirudia kulikarabati. Kwa bibi ufa wa Jumatatu haukuiona Jumapili.

Mama jirani alifika mlangoni, akanyoosha mgongo, akanawa. Nikamwambia nasi tulikuwa na sakafu kama hii.

"Mkaipeleka wapi, mwanangu?"

Ipo palepale, chini ya saruji. Tuliimwaga mwezi mmoja baada ya kumzika bibi. Koleo nilishika mimi.